North Brentwood, Mji wa Bondeni

North Brentwood ni mji mdogo wa Maryland. Ukitoka Washington, D.C., kwa Rhode Island Avenue kuelekea Hyattsville, unaweza kuupita bila kujua.

Mwaka 1891 Wallace Bartlett, aliyewahi kuongoza askari Weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, alianza kuuza viwanja hapa. Weusi waliuziwa upande wa kaskazini, bondeni, karibu na tawi la mto Anacostia. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu maji yalifurika. Wazungu waliuziwa sehemu ya juu.

Wahenga walisema mnyonge hana haki, mwenye nguvu mpishe. Watu hawa hawakupisha. Walijenga nyumba, kanisa na shule, na mwaka 1924 makazi yao yakawa mji rasmi, wa kwanza wa Waamerika Weusi katika Kaunti ya Prince George's. Jeremiah Hawkins akawa meya wa kwanza. Enzi za ubaguzi wa kisheria, wakazi wa bondeni walichagua viongozi wao wenyewe.

Leo mjini pana jumba la makumbusho la historia ya Waamerika Weusi wa kaunti. Wanachama, twendeni tukalione, kisha tushuke hadi mtoni tukaone ardhi waliyopewa.