Nani Aliwaambia Mjenge Mtoni?

Wasee, kila mvua kubwa ikinyesha Nairobi lazima mtu aandike: "Lakini nani aliwaambia mjenge mtoni?" Leo nalijibu hilo swali. Ila itabidi tuanzie mbali, kabla Nairobi haijawa na jina.

Shuleni tulifunzwa kwamba jiji lilizaliwa 1899, reli ya kutoka Mombasa ilipofika. Sawa, lakini mbona hapa? Kwa sababu hapa ndipo palikuwa na tambarare ya mwisho. Mbele kulikuwa na kupanda hadi Limuru, halafu kuteremka ghafla kwenye Bonde la Ufa. Pale Kijabe mteremko ulikuwa mkali hadi mwanzoni mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma. Reli ilifika Kisumu mwisho wa 1901.

Na hilo bonde lilitoka wapi? Gamba la dunia huku kwetu linavutwa pande mbili, na limevutwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Mwamba ukivutwa unakonda, unapasuka, kipande cha katikati kinazama na kingo zinabaki juu. Kupitia hizo nyufa, uji wa moto na majivu ya volkeno vilimwagika, vikaganda tabaka juu ya tabaka. Nairobi yote imekaa juu ya hizo tabaka. Yale mawe ya kuchonga tunayojengea, mengi ni majivu ya volkeno yaliyoshikana.

Ukitaka ushahidi, panda Ngong uangalie magharibi. Ule mlima ulikuwa volkeno nzima. Upande wake wa magharibi ulikatwa na nyufa, ukashuka bondeni. Na hii kazi haijaisha. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia na ardhi ikapasuka kwa kilomita nyingi. Siku za kawaida mwendo ni milimita chache tu kwa mwaka.

Cheki hii pia: bamba kubwa la magharibi wanasayansi wanaliita Nubia, la mashariki wanaliita Somalia. Kibera, mtaa ulioanzishwa na Wanubi, iko kwa bamba la Somalia!

Sasa turudi mtaani. Kwa sababu ukingo wa Bonde la Ufa uliinuka, ardhi yetu inainama kuelekea mashariki. Limuru iko juu ya mita 2,000, katikati ya jiji ni kama mita 1,660. Ndio maana mito yetu inakimbia upande mmoja, ikichonga mgongo, bonde, mgongo, bonde. Mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukija chini unapita karibu na Kawangware. Motoine unatoka upande wa Dagoretti, unaingia Kibera hadi Nairobi Dam. Mvua ikinyesha kule juu, maji lazima yapite kwetu.

Hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini nani alipewa mgongo, na nani akaachiwa bonde? Hiyo haikuamuliwa na volkeno.

Waingereza waliwaweka Wanubi, askari wao wa KAR, pale Kibera. 1918 ardhi hiyo ikatangazwa rasmi, ekari 4,197. Hati hawakupewa. Miaka ikaenda, serikali moja baada ya nyingine ikamega, estate zikajengwa. 2017 Wanubi walipopata hati ya jamii, ilikuwa ya ekari 288. Wengine waliokuja kutafuta kazi wakajibana humo humo, kila mtu kwa chumba anachoweza kulipia, na chumba cha bei nafuu mara nyingi ndicho kiko karibu na maji. Kawangware ni vile vile. Tembea kidogo tu uko Lavington. Mvua ni moja, udongo ni mmoja, lakini kule maji yana mtaro wake na huku yanapita mlangoni.

Mafuriko ya 2024 yalipoua watu, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Mimi sipingi watu kutoka mtoni, maji hayana huruma. Ninachopinga ni kuvunjiwa nyumba bila kuonyeshwa pa kwenda. Mama aliyebomolewa Jumatatu na ana watoto watatu, kufikia Jumatano ameshapata chumba kwa bonde lingine. Hapo umemwokoa na nini?

Kwa hivyo mvua ikirudi na uone mtu ameuliza tena nani aliwaambia mjenge mtoni, mtumie hii. Halafu muulize na yeye: zile ekari zingine 3,909 za Kibera zilienda wapi?