Tulikuwa wangapi melini?

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, lakini hali mnaijua wenyewe: mazoezi ya kufundisha yanakaribia na kila mhadhiri kakumbuka ghafla kwamba hajatoa asainimenti. Haya ninayoandika leo yametokana na mojawapo ya hizo. Kwenye somo la Historia tumeambiwa kila mtu achague chombo kimoja cha usafiri cha kwao, aeleze kilivyobadilika. Mshikaji wangu wa chumbani, mtu wa Ukerewe, akakwepa maji kabisa, akachukua reli ya kati. Mimi wa Pemba, sikuwa na haja ya kufikiri sana. Nikachukua meli.

Kwa wasiojua, sisi watu wa Pemba safari ya bara kwa kawaida tunaikata vipande viwili. Kwanza Pemba mpaka Unguja, halafu Unguja mpaka Dar. Kipande cha pili ni kilomita 70 na ushee tu, siku ya kiza kizuri mwanga wa Dar unauona mbali kule. Lakini bahari haina ufupi.

Nilidhani kazi itakuwa rahisi: meli gani ilikuja mwaka gani, ilikwenda kasi gani, ilibeba watu wangapi. Mwaka unapatikana. Kasi inapatikana. Nikifika kwenye watu wangapi, mambo yanaharibika. Nimekaa maktaba siku tatu nahangaika na swali hilo moja.

Tuanze mwanzo. Kabla ya meli kulikuwa na majahazi, na jahazi linafuata upepo, halifuati ratiba. Kaskazi ina miezi yake na kusi ina yake. Bibi yangu mzaa mama alipanda jahazi kutoka Wete kwenda Tanga akiwa bado mwari, kwenda arusini kwa shangazi yake. Nilimpigia simu juzi kumuuliza walikuwa watu wangapi, akacheka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hakuna aliyetuhesabu, lakini nahodha alikuwa akitujua sote. Huyu binti fulani, huyu mke wa fulani. Angetudondosha mmoja baharini angekwenda kusema nini kwa baba yake?" Upepo ulikatika njiani, wakalala humo humo, wakala mihogo mikavu na maji ya pipa.

Nisiwadanganye lakini, sitaki kuyapaka sukari majahazi. Yalizama mengi, na yakizama kijiji kinalia, basi, habari inaishia pale. Hakuna aliyeandika popote. Hilo la nahodha kuwajua abiria wake ndilo nililoondoka nalo kwenye simu ile, likanisumbua baadaye.

Meli za moshi zilianza kuonekana sana Unguja kuanzia miaka ya 1870. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash, na mwaka huo huo kampuni ya British India ikaanza kuleta meli ya barua kutoka Aden. Barghash naye baadaye akanunua meli zake mwenyewe. Mashuhuri kuliko zote ni Glasgow, ya mwaka 1878, ile iliyozamishwa na Waingereza pale pale mbele ya mji tarehe 27 Agosti 1896, kwenye vita vya dakika 38 tunavyovisoma sekondari. Milingoti yake ilibaki inachungulia majini miaka na miaka. Lakini hizo zilikuwa meli za heshima na biashara. Mtu kama bibi yangu hazikumhusu. Wakati wa ukoloni zikaja meli za serikali zilizozunguka Unguja, Pemba na bara, zikipeleka barua, maofisa na, msimu wa karafuu ukifika, wachumaji. Mkubwa chumbani, wengine wote sitahani juu ya mikeka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ndiyo iliyokuwa na meli, na inayokumbukwa na kila mzee kwetu ni MV Mapinduzi, iliyokuja miaka ya 1970. Baba anaizungumzia kama mtu anayezungumzia shangazi yake. Ilikuwa polepole, ilijaa kuku na ndizi na magodoro, lakini ilikuwa moja, ilikuwa yetu. Ikiharibika, kisiwa kizima kinajua.

Kisha biashara ikafunguliwa, na miaka ya 1990 bandari ya Malindi ikachangamka. Watu binafsi wakaleta boti zao. Kulikuwa na ziendazo kasi, zinazokutoa Dar na kukufikisha Unguja chini ya saa mbili au zaidi kidogo, na kulikuwa na za usiku za bei nafuu, kama Flying Horse. Hiyo nayo ilikuwa na visa vyake: inang'oa nanga Unguja saa nne usiku, inafika nje ya Dar kabla ya alfajiri, halafu mnakaa humo kusubiri kupambazuke ndipo mteremke. Usingizi wa bure.

Sasa jambo ambalo sikulijua mpaka juzi. Nyingi ya meli hizi zilikuwa zimeshaishi maisha mengine kabla ya kutufikia. Spice Islander I ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Ilipokuwa ikibeba watu wa kwetu tayari ilikuwa na umri wa baba yangu, kasoro kidogo. Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 na kwa miaka mingi ilikuwa ikivusha watu wa kisiwa cha Vashon kwenda kazini mjini Seattle, kwenye ghuba iliyokingwa vizuri na nchi kavu. Watu wa kisiwa wanaokwenda mjini na kurudi, kama sisi tu. Ilipostaafu huko, ikauzwa mwaka 2011, ikaletwa kwenye mkondo wa Unguja, mahali ambapo kusi ikivuma mwezi wa Julai hata nahodha mzee anafikiri mara mbili.

Mtumba si dhambi. Nusu ya nguo zangu ni mtumba na baiskeli ya baba pia. Lakini baiskeli ya mtumba hubebi watu mia sita.

Mei 2009 MV Fatih ilipinduka ndani ya bandari, imeshafika kabisa, watu wakafa hatua chache kutoka gatini. Hapo ingetosha kuwa onyo. Halafu ikaja Septemba 2011.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Jumamosi ile, tarehe 10, tulikuwa chuoni (nasema chuo cha Kurani, si hiki), maalimu akatoka nje kuongea na mtu, akarudi akatuambia tufunge misahafu twende nyumbani. Hakusema kwa nini. Njiani kila mlango una redio na kila redio ina watu. Spice Islander I ilikuwa imeondoka Malindi usiku wa Ijumaa kuja Pemba, ikazama upande wa Nungwi. Sikukuu ilikuwa imepita siku si nyingi, watu walikuwa wanarejea makwao, shule zinafunguliwa. Meli ilijaa watu, mchele na mbao.

Leseni yake ilikuwa watu 645. Sasa swali langu la asainimenti: walikuwa wangapi? Siku za mwanzo kila taarifa ilitaja idadi yake, na kila jioni ikabadilika. Maiti zilizopatikana ni 203, zikalazwa viwanja vya Maisara watu wapite kutafuta wao. Lakini kwetu peke yetu, kila mtaa una aliyekosekana. Serikali ikaunda tume, na Januari 2012 ripoti ikatoka: pamoja na wale 203, watu wengine 1,370 hawajulikani walipo. Jumla 1,573. Isomeni tena tafadhali. Waliokufa tu ni zaidi ya mara mbili ya watu walioruhusiwa kupanda.

Na mjue hesabu ile haikutoka melini. Karatasi ya meli haikuwa na majina ya watu hao. Kwetu nakumbuka sheha alipita nyumba kwa nyumba na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, anauliza, "Hapa nani hakurudi?" Jirani yetu alikuwa amekwenda Unguja kumwonyesha mama yake mtoto mchanga. Sheha akaandika majina yake matatu kwa hati nzuri, halafu akaongeza "na mtoto". Mtoto mchanga hakati tiketi. Mama yangu akamwambia, "Sheha, mtoto ana jina." Akalifuta kidogo pale, akaliandika juu. Ndiyo picha niliyobaki nayo mimi ya ajali ile. Si meli, maana meli sikuiona. Daftari.

Haikupita hata mwaka. Tarehe 18 Julai 2012, siku mbili hivi kabla ya Ramadhani, Skagit iliondoka Dar mchana na ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja inaonekana. Safari hii taarifa za mwanzo zilikuwa na mchanganuo: watu wazima 250, watoto 31, mabaharia 9. Niliposoma pale maktaba nilisimama kwenye hao 31. Angalau walihesabiwa. Waziri aliyehusika na mawasiliano Zanzibar alijiuzulu, kitu ambacho kwetu hukioni kila siku.

Usiku ule nikamsimulia mshikaji wa Ukerewe haya yote. Akanyamaza, halafu akaniambia ndiyo sababu yeye kachukua reli. Kwao ni kisiwa, na kisiwa chao kina mdogo wake, Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya mnada Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilijaza watu waliotoka kuuza na kununua, kikapinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, Ukara, mita chache tu, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Kivuko cha watu 101. Waliokufa 228. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, alikuwa amepata pahali penye hewa mle ndani. Na walipotaka kujua walikuwa wangapi, ikaonekana mkata tiketi naye kafa, na mashine yake ya tiketi imepotea ziwani. Yaani kumbukumbu ilizama na waliokumbukwa.

Yeye akaniongezea la MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Kwa daraja la kwanza na la pili kulikuwa na orodha ya abiria. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hivyo tu. Nilimuuliza mara mbili, na kesho yake nikaenda kuhakikisha. Kumbe jina lako kuandikwa lilikuwa sehemu ya nauli, mwenye godoro anaandikwa, mwenye mkeka haandikwi.

Hapo ndipo maneno ya bibi yaliporudi. Jahazi halikuwa na karatasi lakini nahodha aliwajua watu. Meli kubwa ilipokuja, kujuana kukafa, kwa sababu nahodha wa watu elfu hawezi kumjua binti wa fulani. Karatasi ndiyo ilipaswa kuchukua nafasi ya kichwa cha nahodha. Kwa miaka mingi haikuchukua. Tulibaki katikati, hatujulikani na hatuandikwi. Na mtu asiyeandikwa ni rahisi sana kumwongeza juu ya mwingine, maana kwenye hesabu hayupo. Watu husema ajali zetu zinatokana na kujaza meli. Mimi nadhani kujaza kunaanzia kwenye kalamu, kabla hata kamba haijafunguliwa. Mhadhiri akinikata alama kwa hilo, poa tu.

Mambo yamebadilika, lazima niseme. Desemba 2015 ilifika MV Mapinduzi II kutoka Korea Kusini, mpya, ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Baba alikwenda kuitazama kama anakwenda kuona mtoto aliyezaliwa. Boti za kasi za Kilimanjaro nazo zilijengwa Australia kwa ajili ya njia hii hii, hazikuanzia kwa watu wengine. Na tiketi siku hizi ina jina lako, unaonyesha na kitambulisho.

Mwanzo wa muhula huu nilipokuwa narudi chuo, mbele yangu kwenye foleni ya tiketi alisimama mama mmoja na mtoto mgongoni. Kijana wa dirishani akaandika jina la mama, akanyanyua kichwa, akauliza, "Na huyu anaitwa nani?" Mama akasema. Kijana hakusikia, kelele nyingi. Akasema tena. Jina lenyewe refu, la kwetu, akaanza kumtajia herufi moja moja. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna, jua kali, boti inapiga honi. Na mimi, wadau, siwafichi, niliguna.

Haya, saa sita usiku hii na kesho saa moja nina kipindi cha Saikolojia ya Elimu. Asainimenti inakusanywa Ijumaa. Mwenye mzee nyumbani aliyepanda MV Mapinduzi ile ya zamani, aniulizie kitu kimoja tu: walipokuwa wanapanda, kuna mtu aliyewauliza majina?