Kabla Hujaniuliza Krimu ya Madoa, Soma Hii Historia ya Nairobi

Tangu niposti ile video bila filta, inboksi yangu imejaa swali moja: "Hizo madoa zako unatoa na nini?" Halafu kuna jamaa anauza vipodozi akanitumia ofa. Elfu kumi na tano, nishike kopo lake mbele ya kamera niseme uso ulisafika kwa wiki mbili. Kopo lenyewe halina jina la kiwanda wala orodha ya kilichomo. Lina picha ya msupa na neno "mchanganyiko". Kodi yangu hapa Umoja ilikuwa imechelewa siku tisa. Nitawaambia nilimjibu nini, lakini kwanza historia, maana niliacha chuo mwaka wa pili, kusoma sijaacha.

Tuelewane kwanza. Yale madoadoa ya kahawia ya wazungu ni rangi ya ngozi tu, melanini, inayojikusanya pale jua linapopiga. Jua likipungua, yanafifia. Ni ya ukoo, na ndugu zetu wenye ualbino pia huyapata. Vyangu si hivyo. Vyangu ni vipele vyeusi vidogo vilivyoinuka, ukipitisha kidole unavihisi. Mama anavyo, shosh anavyo. Aliyevieleza kitabibu mwaka 1925 ni Mwitaliano Aldo Castellani, yule yule aliyekuwa Uganda 1902 na 1903 akitafuta chanzo cha malale. Haviumi, si saratani, na hakuna krimu inayoviyeyusha. Daktari wa ngozi anaweza kuvichoma au kuvikata, na hata hapo unaweza kubaki na alama. Halafu kuna mabaka ya mimba na ya dawa za kupanga uzazi, na kuna alama za chunusi. Vitu tofauti kabisa, lakini mtaani vyote tunaviita madoa na kuvipaka kopo moja.

Hilo kopo lilianza kwa wazungu wenyewe. Mapema karne ya 20 wanawake wa Marekani walikuwa wakinunua krimu za kutoa madoadoa zilizotengenezwa kwa zebaki. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza melanini, kwa hiyo doa linafifia, na kila kilicho karibu na doa kinafifia pia. Wauzaji waliona soko lingine hapo: Wamarekani weusi, kisha Afrika Kusini, kisha sisi. Kufika miaka ya 1960 matangazo ya krimu za kung'arisha yalikuwa kwenye magazeti ya Nairobi, na jina Ambi likajulikana hadi kwa wasiojua kusoma. Shosh alikuja Jericho akiwa bibi harusi, na bado anacheka akikumbuka ule utani wa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola.

Lakini mwaka 1972 haukuwa na utani. Madaktari wa Nairobi waliandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, kuhusu watu wazima 60 waliokuja na figo zinazovuja protini. Huo ugonjwa humvimbisha mtu uso na miguu, na mkojo unatoka na povu. Walipowauliza wanapaka nini, 32 kati ya hao 60 walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipona baada ya kuacha. Nimesoma hayo mara tatu. Majina hayapo, ni namba tu, na mimi nabaki nikijiuliza ni wangapi walipanda basi la kurudi Eastlands jioni hiyo wakiwa na kopo kwa mkoba.

Zebaki ilipoanza kukatazwa, haidrokwinoni ilikuwa tayari sokoni. Hadithi yake ni ya ajabu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi karibu na Chicago walipata mabaka meupe mikononi. Ilikuwa glavu zao za mpira: zilikuwa na kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni. Ajali ya kazini ikageuka wazo la biashara. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini wakaeleza kinachotokea ukiipaka miaka mingi: ngozi inageuka nyeusi ya bluu, kama masizi, na haifutiki.

Hapo ndipo mimi nakasirika. Anti yangu anashona nguo Mutindwa. Baada ya mtoto wa pili alipata mabaka mawili mashavuni. Alipaka, yakafifia. Yakarudi meusi zaidi, akadhani ni yale ya zamani, akaongeza dozi. Miaka kumi na moja. Leo mashavu yake na vifundo vya vidole ni masizi matupu. Na watu wakimwona wanasema alitaka kuwa mzungu! Vera Sidika alipokiri kwenye televisheni mwaka 2014, nchi nzima ilicheka na kuhubiri kujipenda. Anti alijipenda sana. Alitaka tu kutoa madoa mawili, na hakuna aliyemwambia yanaitwaje.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Jumuiya ya Ulaya ilikataza zebaki kwenye vipodozi vyake tangu 1976. Na bado, Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kufuatilia sumu ya zebaki ya Minamata, alipokuja na wenzake kupima nywele za watu wa Ziwa Victoria, walikuta zebaki nyingi kwa wanawake waliokuwa wakioga na sabuni za kung'arisha. Matokeo ya Kenya yalitoka 2001. Sabuni zilitengenezwa Ulaya. Kwao ni haramu, kwetu ni biashara.

Siku hizi michanganyiko mingine ina klobetasoli, dawa kali ya ukurutu, inayofanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa inaonekana. Ukiwa umeitumia muda mrefu, mwone daktari akusaidie kuacha, maana ngozi inaweza kulipuka. Ukivimba uso au mkojo ukiwa na povu, nenda hospitali na ubebe kopo. Ya kuzuia ni machache na hayana mvuto wa kamera: kofia, losheni ya kukinga jua ukiipata, usitumbue chunusi. Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Baridi ya Julai isikudanganye kuhusu jua.

Yule jamaa nilimwomba orodha ya kilichomo. Alisoma, hakujibu. Kodi nililipiwa na Anti, pesa za sketi za shule alizoshona. Nilimwomba nimpige picha ya kuweka hapa. Alikataa, akasema niandike tu.