Kiko, bori na povu la bahari

Kiko cha zamani kilikuwa na viungo vyake: bori la kutilia tumbaku, digali la kupitishia moshi, na chombo cha maji kilichotoa malio. Leo wengi wanajua shisha tu, na bori limesahaulika. Hasara, kwa maoni yangu.

Mafundi wa Arusha walichonga mabori kwa sepiolaiti, jiwe jeupe la Sinya, karibu na Amboseli, na viko hivyo vikauzwa hadi ng'ambo kwa chapa ya Kiko. Wajerumani huliita jiwe hilo Meerschaum, povu la bahari, ingawa huchimbwa nchi kavu, hata Eskişehir kule Uturuki.

Ukiliokota, ligusishe ulimi: hunata. Likikauka vizuri huweza kuelea majini, jasi huzama. Chaki ikidondoshewa siki hutoa povu, hili hutulia (povu lake liko kwenye jina tu).

Bei? Tazama nyufa. Bonge zima hutoa bori la kipande kimoja. Vipande vidogo husagwa na kugandamizwa, na mnunuzi anayejua hulipa kidogo.