Kwa Nini Redio ya Valvu Hukoroma

 Wekeni kalamu chini kwanza. Sikilizeni.

Mwezi uliopita nilitembelea darasa moja la Iringo, mjini Musoma. Mzee mmoja alikuwa ameleta redio ya marehemu baba yake, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele. Ilikuwa ikisema, lakini kwa kukoroma, kama mtu aliyebanwa kifua. Mafundi wawili walikwisha muuzia valvu mpya, na kila moja ilikufa baada ya majuma machache. Mzee alikuwa amechoka na gharama. Alitaka kulivunja sanduku apate kuni. Nikamwambia, "Mzee wangu, ngoja kwanza."

Valvu ni nini? Ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna waya unaopata moto. Moto huo hufanya chembe ndogo za umeme ziruke mpaka kwenye bamba la chuma. Mwingereza Fleming aliitengeneza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Lee de Forest alitia wavu mdogo wa waya katikati. Wavu huo hufanya kazi kama mlango wa zizi: ukiusogeza kidogo tu, ng'ombe wengi hupita au huzuiwa. Ndivyo sauti hafifu kutoka angani inavyokuzwa.

Kwetu Tanganyika utangazaji ulianza mwaka 1951, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilikuwa za valvu, na vijijini hapakuwa na umeme. Zilitumia betri kavu, moja ndogo ya kupasha waya moto, na nyingine kubwa, mara nyingi ya volti 90, ya kulisha mabamba. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu iliyofungwa ndani ya umbo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100, na betri yake shilingi 25. Pigeni hesabu wenyewe: betri nne ni sawa na redio nzima! Ndiyo maana watu walikusanyika kwa jirani mmoja mwenye redio, wakakaa kimya.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kwanza tulijaribu stesheni mbalimbali. Kama moja tu inakoroma, kosa huenda liko angani. Zake zote zilikoroma, hata sauti ilipopunguzwa. Kisha tukaitazama spika. Karatasi yake ikichanika, au ikikwaruza sumaku, sauti huharibika. Yake ilikuwa nzima.

Basi fundi wa tatu akatafuta kwenye kapasita iliyo kati ya valvu ya mwisho na ile inayoitangulia. Kapasita hiyo ni bawabu. Huipitisha sauti, bali umeme mkali wa bamba huuzuia usifike kwenye wavu wa valvu ya mwisho. Zile za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na nta, nazo kwa miaka mingi huvuta unyevu. Na sisi watu wa ziwani unyevu twaujua. Bawabu akilegea, umeme huvuja. Valvu ya mwisho hupitisha umeme kupita kiasi, sauti hubanwa na kukoroma, na valvu yenyewe huungua. Wale mafundi wawili walikuwa wakimzika maiti bila kumtafuta muuaji.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Msifungue redio ya namna hii nyumbani. Hata ikichomolewa ukutani, kapasita zake kubwa zaweza kubaki na umeme, na katika redio nyingine chuma cha ndani kimeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Umeme huo huua. Mwachieni fundi anayejua valvu.

Kapasita mpya ilikuwa rahisi kuliko valvu hata moja. Jioni ile tuliisubiri redio ipate moto, kama ilivyo desturi yake, kisha msemaji wa mbali akasikika, kila neno mahali pake. Mzee hakusema kitu. Alivuta kiti, akakaa karibu na kitambaa, upande aliokuwa akikaa baba yake.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: valvu, wavu, kapasita, spika. Kisha mwulizeni mzee mmoja wa mtaa wenu: nani alikuwa na redio ya kwanza hapo, na betri aliinunua wapi? Leteni majibu yaliyoandikwa siku ya Alhamisi.