Kutoka Posho hadi Mkataba Mfupi: Jinsi Vijana wa Lubumbashi Walivyotayarishwa kwa Kazi

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno kazi lina historia yake. Kwa muda mrefu halikumaanisha kila shughuli ya mikono au ya akili, bali lilimaanisha kwanza kazi ya mshahara chini ya mwajiri anayejulikana, hasa kampuni ya migodi au reli. Mama aliyelima mihogo nje ya mji alishughulika tangu alfajiri hadi jua kuchwa, na fundi cherehani wa barazani alilisha jamaa yake kwa jasho lake. Hata hivyo, kijana wa nyumba hizo akiulizwa kama amepata kazi, alijibu kwamba bado anatafuta. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1973 uchunguzi juu ya maana za neno hilo kwa wafuasi wa Jamaa, ambao wengi wao walikuwa wafanyakazi wanaosema Kiswahili.

Makala haya hayakusudii kurudia uchunguzi huo. Yanakusudia kueleza jinsi mipango ya kuwafundisha na kuwaajiri vijana ilivyofuatana mjini Lubumbashi tangu mwaka 1910, na kuuliza kila mpango swali moja: ujuzi aliopewa kijana ulikuwa mali ya nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini mji uliosifiwa kwa mafundi wake ulijikuta, mwishoni mwa karne ya ishirini, una mikono mingi yenye ujuzi na kazi chache za kuifaa.

2. Mikono ya kukodi, 1910 hadi 1927

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa katika kiwanda cha Lubumbashi. Tangu mwanzo tatizo kubwa la kampuni halikuwa mawe wala mashine, lilikuwa watu. Katanga ya kusini haikuwa na wakazi wa kutosha kwa mahitaji ya migodi, nao waliokuwapo hawakuwa na haja ya kuacha mashamba yao. Mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi vijijini. Wengine wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na katikati ya miaka ya 1920 watu waliletwa hata kutoka Ruanda-Urundi.

Mikataba ilikuwa ya miezi michache tu. Wanaume walikuja peke yao, wakalala katika kambi zilizosongamana, na maradhi ya mapafu na ya tumbo yakawaua wengi. Waliopona walirudi kwao na ujuzi mdogo waliouokota kazini, na nafasi zao zikajazwa na wageni walioanza upya. Katika hali hiyo mafunzo hayakuwa na maana kwa mwajiri, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutumia fedha kumfundisha mtu ambaye angeondoka kabla mwaka haujaisha. Kazi za ufundi zilishikwa na Wazungu, wengi wao wakitoka Afrika Kusini, na Mwafrika alihesabiwa kama mkono wa kukodi. Kitu kimoja tu kilianza kudumu: watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ya kuelewana na kuamrishwa, na Kiswahili ndicho kilichokaa.

3. Mtoto wa kambi, 1928 hadi 1960

Mnamo mwaka 1928 siasa hiyo iligeuzwa. Kuajiri watu kutoka mbali kulikuwa na gharama, wafanyakazi wa Rhodesia walianza kuhitajiwa katika migodi ya kwao, na Wazungu walidai mishahara mikubwa. Kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza wafanyakazi kuoa na kuleta wake zao kambini. Mke na watoto wakapewa posho, kliniki za wazazi zikafunguliwa, na shule za kambi zikakabidhiwa kwa wamisionari Wakatoliki. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wasimamizi wakuu wa mpango huu, aliueleza katika kitabu alichochapisha mwaka 1946.

Mpango huu haukuanza na kijana. Ulianza na mtoto mchanga. Alipimwa uzito kliniki, akalishwa, akapelekwa shule, na wavulana wakazoeshwa mapema bustani na kazi za mikono. Wachache waliochaguliwa waliingia katika karakana kujifunza ufundi wa vyuma, umeme au useremala. Wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, maana walitazamiwa kuwa wake wa wafanyakazi na mama wa wafanyakazi wa kesho. Mwaka 1957 kampuni ilianzisha gazeti lililoitwa Mwana Shaba, na jina hilo lilieleza mpango wote kwa maneno mawili.

Haifai kukana mafanikio yake. Vifo vilipungua sana, na watoto wa kambi walipata matibabu na masomo ambayo wenzao wa vijijini hawakuyapata. Lakini mpango ulikuwa na dari na uzio. Dari yake ilikuwa cheo: Mwafrika alifundishwa hadi kiasi kilichomfaa mwajiri, na karibu hadi uhuru ngazi za juu zilibaki mikononi mwa Wazungu. Uzio wake ulikuwa utegemezi, kwa kuwa nyumba, chakula, dawa na shule vyote vilitoka mkono mmoja, na aliyeacha kazi aliviacha vyote. Katika msukosuko wa uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1930 wengi walioachishwa kazi walirudishwa vijijini. Na mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa michezo wa Lubumbashi tarehe 9, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akawa miongoni mwa waliouawa. Baba aliyelisha watoto wake vizuri hakuruhusiwa kuuliza bei ya jasho lake.

4. Nje ya uzio

Elisabethville haikuwa kambi peke yake. Katika mitaa ya Kamalondo na Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi, waliishi watu ambao kampuni haikuwalea: waashi, maseremala, mafundi baiskeli, wachuuzi, makarani wadogo na watumishi wa nyumbani. Vijana wa mitaa hiyo hawakuwa na posho wala karakana ya kampuni. Baadhi yao walifundishwa na mapadri Wasalesia, waliofika mjini mwaka 1911 na kushughulika na mafunzo ya ufundi. Wengine walikaa miguuni pa fundi, wakambebea vyombo, wakatazama, wakajaribu, hadi siku walipoweza kupata mteja wao wenyewe.

Hata watumishi wa nyumbani waliacha ushahidi wa maisha yao ya kazi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Elisabethville kama ilivyojulikana na watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Andiko hilo, ambalo Fabian alilichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, linaonyesha kwamba watu waliohesabiwa kuwa hawana ufundi walijijua kuwa wajenzi wa mji.

Kwa hiyo palikuwa na njia mbili za kuandaliwa kwa kazi. Njia ya kambi ilikuwa pana, yenye fedha na heshima, lakini iliishia katika mlango wa mwajiri mmoja. Njia ya mtaa ilikuwa nyembamba, bila hati wala uhakika, lakini ujuzi wake ulimfuata mwenyewe popote alipokwenda.

5. Heshima ya Gécamines na anguko lake

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na kampuni mpya ambayo hatimaye ilijulikana kwa jina la Gécamines ikarithi migodi pamoja na desturi ya malezi. Jambo moja kubwa lilibadilika: dari ilivunjwa, na Wakongo wakawa wahandisi, madaktari na wakurugenzi. Uzio lakini ulibaki. Shule, hospitali, nyumba na posho viliendelea kutoka mkono mmoja, na mtoto wa mfanyakazi aliendelea kukua akitazamia kuingia mahali pa baba yake.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Lakini fedha ya shaba ilikuwa imetolewa kwa miaka mingi bila kutengeneza mashine wala kufungua machimbo mapya. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Mwaka 1991 uporaji ulienea nchini. Na katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakaondoka na ufundi wao. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi kwa miezi.

Mwaka 2003, kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa malipo ya mara moja na kuahidiwa msaada wa kuanza shughuli nyingine. Wengi walilipa madeni na ada za watoto. Biashara na mashamba walivyoanzisha havikudumu kwa wote, na baadhi yao wakaunda umoja wa kudai haki zao. Mtu aliyejua kuongoza tanuru la shaba kwa miaka 25 aliona kwamba ujuzi wake haukuwa na soko lingine mjini. Msiba wa watoto wao ulikuwa mkubwa zaidi: walikuwa wamelelewa kwa kazi ambayo haikuwapo tena.

6. Mipango mipya na swali la zamani

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya kigeni na kuruhusu uchimbaji wa mikono katika maeneo maalumu. Maelfu ya vijana, wakiwemo watoto wa wafanyakazi wa zamani, walishika sululu na kushuka mashimoni bila mafunzo wala kinga. Makampuni mapya nayo hayakurithi desturi ya malezi. Sehemu kubwa ya kazi zake hupitia kwa makampuni madogo ya ukandarasi, kwa mikataba mifupi. Na sheria ya mwaka 2017, iliyohifadhi kazi za ukandarasi kwa wafanyabiashara Wakongo, ilijali zaidi mwenye kampuni kuliko kijana anayeajiriwa naye. Kwa njia hiyo mkataba wa miezi michache, ulioachwa mwaka 1928, umerudi.

Taasisi za umma hata hivyo zipo. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliundwa mwaka 1964 na ina makao Lubumbashi. Huendeshwa kwa michango inayotozwa waajiri, na mafunzo yake hayafungwi katika mlango wa mwajiri mmoja. Ofisi ya taifa ya ajira, ONEM, iliundwa mwaka 2002. Udhaifu wa mpango unaotegemea michango ni kwamba hazina yake hupungua pale ambapo waajiri rasmi ni wachache, yaani pale pale vijana wanapoihitaji zaidi. Lakini msingi wake ni sahihi: waajiri huchanga kwa pamoja, na ujuzi hubaki kwa aliyejifunza.

7. Hitimisho

Historia ya Lubumbashi haionyeshi kwamba malezi ya kampuni yalikuwa bure, wala kwamba fundi wa barazani alitosheka. Inaonyesha kwamba mpango wa ajira ya vijana usipimwe kwa idadi ya walioandikishwa siku ya ufunguzi, bali kwa kile kinachobaki mikononi mwao siku mfadhili atakapoondoka. Union Minière ilipima uzito wa mtoto, Gécamines ikampa shule nzuri, lakini hakuna iliyomwandaa kuishi bila kampuni. Mpango utakaounganisha mafunzo bora ya kambi na uhuru wa fundi wa mtaa bado unangoja kujengwa, na katika mpango huo neno kazi litapaswa kumhesabu pia mama wa shamba la mihogo na fundi cherehani wa Katuba.