Usukani mzito, unaovuta au unaocheza: Anza na tairi kabla ya kubadilisha vifaa

DEREVA anayetoka Dar es Salaam kwenda Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani wilayani Bagamoyo, hupita barabara za aina mbili katika safari moja. Kwanza ni lami ya Barabara ya Bagamoyo, ambako magari hukimbia pembeni mwa bodaboda na watembea kwa miguu. Kisha ni njia za mchanga za vijiji vya pwani. Katika mabadiliko hayo ndipo kasoro ya usukani hujitokeza, na mara nyingi lawama huangukia kifaa kisichohusika.

Cha kwanza kuangaliwa ni upepo. Ukipungua, sehemu kubwa zaidi ya tairi hugusa ardhi na usukani huwa mzito, hasa wakati wa kuegesha. Wapo madereva wanaopunguza upepo kwa makusudi ili wasikwame mchangani, na hilo si kosa. Kosa ni kurudi kwenye lami bila kuujaza tena. Kuta za tairi hujipinda, gari huchelewa kuitikia usukani, na kwa mwendo mkali joto huweza kupanda hadi tairi likapasuka.

Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi ya Japan hukitaja kwa kilopaskali. 220 ni takriban 32 kwa kipimo cha pauni kinachotumiwa na mafundi pancha. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, wala si kiwango cha kujaza.

Kuna tatizo jingine linalokuja na meli. Baadhi ya magari yaliyotumika hufika kutoka Japan yakiwa na matairi ya majira ya baridi, yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini na kashata zake zimechanjwa vijistari vingi ili kushika theluji na barafu. Kwenye lami yenye joto la Pwani, kashata hizo hulegea. Usukani huwa kama umefungwa kwenye sponji na tairi huisha upesi. Mnunuzi huyaona mapya na kufurahi, kumbe ndiyo ya kwanza kubadilishwa.

Ukubwa nao una lake. Tairi la 195/65 R15 lina upana wa milimita 195, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takriban milimita 127. Ukiweka 205/55 R16, kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, lakini ukuta hubaki milimita 113. Gari huitikia usukani haraka zaidi. Hata hivyo, kwenye shimo rimu ndiyo huumia. Kwa anayeingia vijijini kila wiki, rimu kubwa ni urembo wa gharama.

Gari likivuta upande mmoja licha ya upepo kuwa sawa, matairi ya mbele hubadilishana nafasi, la kulia likaenda kushoto, isipokuwa yale yenye mshale wa uelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi ndilo lenye kasoro. Ukibaki ulipokuwa, hapo fundi ana sababu ya kuingia chini ya gari. Mtetemo unaoanza kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa kwa kawaida huashiria magurudumu yasiyo na balansi.

Usukani unaocheza bila gurudumu kugeuka ni jambo zito zaidi. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekewa vigingi, kisha gurudumu hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa. Likicheza, hushukiwa ncha za tairodi au reki ya stelingi. Likicheza linaposhikwa juu na chini, hushukiwa boljointi au beringi. Boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu hukunjika na dereva hana tena uwezo wa kuliongoza gari. Bushi zilizokatika hujulikana kwa kugonga kwenye mashimo na kwa gari kuyumba wakati wa kufunga breki.

Mpira unaofunika boljointi na ncha za tairodi ukichanika, grisi hutoka na mchanga huingia. Ndiyo maana magari yanayoshinda ufukweni yanahitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Wengi hukimbilia mashine ya alaimenti. Mashine hiyo hupanga magurudumu, lakini haiwezi kuondoa ulegevu wa kiungo kilichokwisha: vipimo huonekana sahihi gereji, na kwenye shimo la kwanza hupotea. Alaimenti hufanyika baada ya kiungo kubadilishwa, na ncha mpya ya tairodi huilazimu, kwa kuwa urefu wa tairodi ndio unaopanga uelekeo wa magurudumu ya mbele.